Nafasi ya Mtu Mbaya

Jumamosi, 2 Novemba 2013
Kilo kabla ya mashine 78.6, baada 76.1. Maji: vikombe vinne.

Daftari hili nimepewa na Kemunto, nesi wa kliniki, niandike kilo za mume wangu na maji anayokunywa. Mistari ameipiga yeye mwenyewe kwa rula. Upande wa kulia ameacha nafasi akaniambia, "Hapa andika maoni, Mama." Hakusema maoni ya nani, basi nitaandika yangu. Nyumbani sina wa kuzungumza naye. Alfred akitoka kwenye mashine analala, na binti yetu Heri nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena macho yako kwenye simu.

Mimi naitwa Bernardine. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo daftari nivumilie. Figo za Alfred zilikufa mwaka jana. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anakaa saa nne kwenye kiti, damu inatoka, inaoshwa, inarudi. Asipokwenda, maji yanamjaa mwilini mpaka moyo ushindwe. Kemunto alinieleza hivyo huku anatafuna bigijii, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Simpendi sana huyo dada.

Jumanne, 5 Novemba
78.2, 76.0. Vikombe vinne.
Theluji ya kwanza. Mungu ni mwema.

Jumamosi, 16 Novemba
78.9, 76.2. Vikombe vitano, namwambia asizidishe.

Leo nimefika kumchukua nikamkuta anacheka. Miezi kumi na nne sijamsikia Alfred akicheka, nikasimama mlangoni na koti langu nisimkatishe.

Katika kona ile wako wanne. Alfred, Francis, Mkenya aliyekuwa nesi mwenyewe kabla figo hazijamgeuka, Bravin, Mkenya pia, dereva wa lori, hajafika hata miaka arobaini, na Arvid, mzee Mzungu aliyekuwa akifuga ng'ombe huko nyuma ya Inver Grove Heights. Kila mmoja ana daftari mapajani, na katikati kuna sinia la bandeji. Kwenye sinia nikaona dadu mbili.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Catch, Mama Heri," akasema Alfred. "Mchezo tu."

Dadu na catch, mieleka ya kwetu, kwa pamoja! Wazungu wanaona mieleka ni watu kurushana. Kwetu Uvira mpiganaji wa catch anaingia na hirizi kiunoni, anampulizia mwenzake unga, mwenzake anaanguka bila kuguswa. Alfred alikuwa mtangazaji wao, alishika kipaza sauti kila Jumapili badala ya kuwa ibadani. Nilikubali kuolewa naye kwa sharti moja, aache. Akaacha, akabatizwa. Leo, na sindano mbili mkononi, amerudi kule kule.

Alitaka kunieleza ndani ya gari. Nikamwambia sitaki kujua.

Alhamisi, 28 Novemba
Leo ni sikukuu ya shukrani hapa Amerika, wote wanakula bata mzinga. Sisi nimepika wali na kuku bila chumvi. Sombe, majani yetu ya muhogo, amekatazwa, maharage amekatazwa, ndizi amekatazwa. Alinusa sufuria ya jirani kwenye korido akasema, "Huyo ametia mawese." Tukacheka kidogo. Kilo 79.0.

Jumamosi, 14 Desemba
79.1, 76.3. Vikombe vitano.

Leo sikwenda kusubiri ndani ya gari, baridi imenishinda. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikishona kifungo, masikio nikayaacha yafanye yanavyotaka.

"Alfred, hiyo kampuni yako ni kwaya ya kanisa," Francis anamwambia. "Nani atatoka kwake na theluji hii aje kutazama malaika wakipigana?"

"Nafasi ya mtu mbaya naiacha wazi."

"Mpaka lini? Kila wiki dadu inakukata alama mbili. Ona Arvid, amejaza majitu kumi na mawili, watazamaji wamelala usingizi, anashika mkia. Kikosi kinataka mchanganyiko, ndugu yangu."

"Wabaya ninaowajua mimi," akasema Alfred, "siwataki hata kwenye karatasi."

Halafu Bravin, "Basi mchukue mama mkwe wangu. Nakupa bure, na usafiri nalipa."

Wakacheka mpaka mashine ya Arvid ikapiga kelele na Kemunto akaja kuwagombeza. Nami kicheko kilinifika kwenye meno. Nikakumbuka ni dadu, nikakaza uso. Kampuni gani, malaika gani, sikuuliza.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Kanisani Ernestine aliomba kwa ajili ya nyumba yetu kwa jina, watu wote wamesimama. Ernestine ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Nikiwa naye najihisi nina ukuta mgongoni. Kilo 78.8.

Jumatatu, 6 Januari 2014
Baridi imefunga shule zote. Redio inasema ngozi ikiachwa wazi dakika tano inaganda. Kiwandani Plymouth tulikuja kumi na moja tu kufunga maboksi, wengine magari yamekataa kuwaka. Alfred amekaa dirishani na kikombe chake cha tatu.

Alhamisi, 9 Januari
79.4, 76.5. Vikombe vinne.

Bravin amekufa. Jumanne lori lake lilikwama njiani, hakufika kwenye mashine, na jioni ile moyo ukasimama. Kiti chake wamekifunika shuka. Nilipofika kumchukua Alfred nikawakuta yeye, Francis na Arvid wameinamiana, wanasema kwa sauti ya chini, kila mmoja anaandika. Nilipokaribia wakanyamaza.

Jumamosi, 11 Januari
79.0, 76.4.

Mwandiko wa leo, nisamehe.

Mchana Alfred alilala kwenye kochi. Daftari lake lilianguka, nikaliokota, likafunguka ukurasa wa mwisho. Ameandika: *Bravin ameondoka tarehe 7. Nimechukua wake wanne, Francis wanne, mzee wanne.* Chini yake majina.

Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Bahizire, jitu, kilo 140, nguvu tisa, udhaifu magoti. Huyo ni mjomba wake Alfred. Mwaka 1996 tulipokimbia alibaki nyuma kwa sababu ya magoti hayo hayo, na kilichompata tulikisikia baadaye kwa watu. Euphrasie, mrukaji, kilo 58, nguvu nane, anaingia akipiga vigelegele. Huyo ni dada yake, aliyekuwa akiuza sabuni, tumemzika 1998. Wote ni watu wetu, na wote wamekufa. Kila mmoja ameandikiwa nguvu, na udhaifu, na namna anavyoingia.

Na Pacifique. Kilo 84, miaka 21, nguvu saba.

Pacifique, tuliyemwita Pasi, ni mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kambini ng'ambo ya ziwa, kwa kuhara, akiwa na miaka minne, mwepesi kama kuku. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tulipofika Amerika niliwaambia watu naitwa Mama Heri, na Alfred akanifuata, na jina lile hatukulitaja tena.

Sasa mume wangu anamwandikia kilo. Anawaandikia wafu nguvu. Na mtu wa kliniki akifa, anachukua wake wanne.

Alikuwa amelala hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikumwamsha.

Jumapili, 12 Januari
Baada ya ibada nilimpa Ernestine daftari lile. Alisoma kurasa mbili akalia, machozi ya kweli yakadondoka juu ya wino. "Dada Bernardine, hili si daftari," akasema. "Hii ni madhabahu. Ulifanya vizuri kuleta."

Tukatoka wanne wa kikundi cha maombi mpaka nyuma ya jengo anakokaa, kwenye jiko la kuchomea nyama, theluji imefika magotini. Tukaomba. Upepo ukazima kiberiti cha Ernestine mara mbili. Cha tatu nikawasha mimi mwenyewe, nimekikinga na koti. Jalada lilichelewa kushika. Kurasa zilishika mara moja.

Nilirudi nyumbani mwepesi kabisa, nikala vizuri.

Jumanne, 14 Januari
Kilo 79.9. Hakwenda.

Asubuhi Alfred alitafuta chini ya mito, ndani ya koti, ndani ya oveni hata. Kisha akaniuliza.

"Nimelichoma," nikamwambia. "Tumeliombea na tumelichoma."

"Wote?"

"Wote."

"Na Pasi?"

Gari la wagonjwa linalompeleka kliniki lilipiga honi chini. Alfred akakaa kwenye kochi akiwa na kofia yake kichwani.

"Mwambie aende," akasema.

Alhamisi, 16 Januari
80.9. Hakwenda. Nilimsihi, nikampigia magoti. Hanijibu, wala hanikasirikii. Honi imepigwa mara tatu.

Ijumaa, 17 Januari
82.0. Ernestine kwenye simu: "Ni yule pepo mchafu anatoka, anatoka na kelele. Mwache afunge." Nilisema amina, kisha nikatazama sahani ya Alfred. Mtu anayefunga hali. Alfred anakula vizuri tu, anakunywa anavyotaka. Anajaa.

Jumamosi, 18 Januari
83.2. Hakwenda. Vidole vya miguu vimekuwa kama mikate. Kemunto amepiga simu kwa mara ya nne, na leo ni siku yake ya mapumziko.

"Mama, sikudanganyi," akasema. "Ana wiki moja, na anaweza asiimalize. Kukataa ni haki yake. Lakini niambie, anakataa au ameudhika? Hivyo ni vitu viwili."

Nikakaa na simu mkononi. Huyu ndiye niliyesema ana bigijii mdomoni na hana moyo.

Jumapili, 19 Januari
84.3.

Francis amekuja. Mke wake alimleta akamwacha mlangoni, naye akapanda ngazi polepole, mtu wa mashine kama mwenzake. Alfred alikuwa chumbani, anapumua kwa sauti, amelala juu ya mito minne.

"Mama Heri, tumemkosa Alfred mara tatu. Kuna nini?"

Nikamweleza vile ninavyokuandikia wewe. Mwanzoni alianza kucheka, akidhani natania. Kisha akavua miwani.

"Mmechoma kikosi?"

"Tumechoma majina ya wafu."

"Mama, haki ya Mungu. Ile ni game. Kila mtu anaunda kampuni ya mieleka ya kichwani. Unachagua wapiganaji kumi na wawili, unawapa kilo, nguvu, udhaifu, na namna ya kuingia ulingoni, halafu tuna-roll dadu kuona nani ameshinda. Saa nne kwenye kiti, Mama! Ungetaka tuhesabu matone?"

"Na Bravin? Ameandika amechukua wake wanne."

"Ni sheria tuliyoiweka. Mwenzetu akienda, kikosi chake hakizikwi naye. Tunachagua kwa zamu, wanaendelea kupigana. Bravin mwenyewe ndiye aliyependekeza."

Nilifungua bomba la sinki, nikalifunga tena.

"Mimi wangu ni wa kubuni," akasema. "Alfred tu ndiye alileta watu wake. Alisema sheria inataka mchanganyiko, jitu, mrukaji, mwanamke, mzee, mchekeshaji, na watu wa kwao walikuwa wa kila aina, hana haja ya kubuni. Mama, tunamjua Bahizire kuliko tunavyowajua majirani. Arvid yule, Euphrasie akiangushwa anafunika uso. Kila wiki Alfred anamwingiza mjomba kwa nyimbo, anamtembeza taratibu kwa sababu ya magoti, na hakuna anayemkimbiza."

"Na Pacifique?"

Francis alitazama mlango wa chumba. "Tulimwuliza mbona mdogo hivyo, miaka ishirini na moja tu. Akasema, ndiyo aliyonayo mwaka huu."

Sijui nililia muda gani. Francis hakunibembeleza, na alifanya sawa. Akasema, "Una karatasi?"

Tukakaa mezani. Niliyasoma majina yale Jumamosi mpaka yakaniingia, kwa hiyo majina nilikuwa nayo, na kilo nyingi. Yeye alikumbuka nguvu na namna wanavyoingia, maana ameyasikia miezi mitatu. Tulibishana kama mapacha wa posta, wale waliofanya kazi pamoja posta ya kwetu, walikuwa na nguvu sita au saba. Tulikuwa kwenye jina la saba Heri akatoka chumbani kwake, akasoma juu ya bega langu.

"Pacifique ni nani?" akauliza.

Aliuliza kwa Kiswahili. Miaka kumi na sita nimemlea mtoto huyu, na hajui.

"Kaa chini," nikamwambia.

Jumatatu, 20 Januari
85.4.

Asubuhi niliingia kwake na daftari jipya. Sikuomba msamaha kwanza, niliona maneno yangu yamekwisha kazi. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasoma kama nilivyomsikia yeye akitangaza zamani, kipaza sauti mkononi, nikiwa msichana nje ya uzio: "Upande wa kulia, kutoka Uvira, kilo mia na ishirini, Ba-hi-ziii-re!"

Kisha kutoka kwenye mito, "Mia na arobaini. Umemkondesha mjomba."

Nikafuta, nikaandika. Nikaendelea. Euphrasie, Alfred akampitisha bila kusahihisha. Mapacha ni nguvu sita. Karani mchekeshaji anaingia na baiskeli bila tairi, Francis alisahau baiskeli. Nikafika kwa Pasi, nikaweka kidole kwenye jina lake.

"Udhaifu wake hatukuukumbuka," nikasema. "Mimi wala Francis."

"Wewe unaujua."

Nikaujua. "Hapendi kulala peke yake."

"Andika."

Nikaandika juu ya goti langu. Alfred alijivuta, akashusha miguu sakafuni.

"Nipe viatu, Mama Pasi."

Viatu havikuingia. Tulimvalisha soksi jozi mbili na ndara za bafuni, Heri upande mmoja mimi upande mwingine, tukampitisha kwenye barafu mpaka garini. Kemunto alikuwa ameshaita hospitali, wanamsubiri.

Jumamosi, 1 Februari
78.0, 76.9. Vikombe vitatu.

Hospitali walimweka kwenye mashine siku tatu mfululizo. Daktari anasema maji yametoka ila moyo umetanuka, hautarudi ulivyokuwa. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya.

Leo amerudi kwenye kiti chake. Arvid alisimama na nyaya zake zote kumpa mkono, Kemunto akamkemea, kisha akaniletea kiti mimi karibu yao, akakipangusa kwa mkono. Mkono wa Alfred una sindano, wa pili unatetemeka, kwa hiyo mwandishi ni mimi.

"Bado nafasi moja," Francis akasema. "Mtu mbaya. Alama mbili kila wiki, Alfred, utazifuta lini?"

"Leo nimempata." Alfred alifumba macho. "Andika. Jina, Mama Kiberiti. Kilo..."

"Kilo zangu zisiandikwe!" nikasema.

Walicheka hata wagonjwa wa kona nyingine wakageuka.

"Kilo ni siri," akaendelea. "Nguvu kumi. Anaingia na kikundi cha maombi nyuma yake. Anachoma kila kitu kilichoko ulingoni, mpaka kiti cha mwamuzi."

"Udhaifu?" akauliza Francis. "Bila udhaifu hapigani, sheria ni sheria."

"Uache wazi. Bado namchunguza. Mwacheni apigane kwa mkopo wiki chache."

Nilimwuliza ndani ya gari, "Ndivyo unavyoniona?"

"Mtu mbaya ndiye watu wanatoka nyumbani kuja kumwona, Mama Pasi. Wanamzomea, wanarudi wiki ijayo kumzomea tena. Asipokuja wanauliza yuko wapi."

"Basi nizomee."

"Yuuu," akasema Alfred taratibu, mpaka daraja la mto likaisha. "Yuuuu."

Jumanne, 18 Februari
78.4, 76.8. Vikombe vitatu.
Mama Kiberiti amempiga jitu la Arvid.

Jumamosi, 8 Machi
78.1, 77.0. Hafiki tena sabini na sita.

Mama Kiberiti ameshinda mara tano. Nikiingia kliniki sasa naanza kuzomewa mlangoni, hata na Kemunto. Mwanamke mmoja Mzungu, kiti cha dirishani, ananizomea na hajui kwa nini.

Nilimwambia Ernestine mchezo ule ulikuwa nini. Akasema, "Tulichoma kwa imani." Nikasema ndiyo, ila mume wangu ndiye anayelipa. Hakukasirika. Tangu siku ile ananiletea chakula kisicho na chumvi kila Jumatano, hakai, hazungumzi. Namtazama nikiona mtu aliyeogopa kama nilivyoogopa mimi. Ukuta si yeye.

Alfred analala ameketi. Namwuliza udhaifu wa Mama Kiberiti, anasema baadaye.

Alhamisi, 20 Machi
77.9, wakamtoa mapema, presha imeanguka. Daktari ameniita pembeni. Theluji inayeyuka mchana, jioni inaganda tena.

Jumapili, 23 Machi
Leo alitaka sombe. Nikapika, na mawese, na chumvi. Alikula vijiko vinne, akafumba macho kila kijiko.

Jumatano, 26 Machi
Alfred amefariki jana asubuhi, saa mbili na dakika kumi, ameketi kwenye kochi, amevaa kofia, anasubiri gari la wagonjwa. Nilikuwa nafunga kamba za viatu vyake. Cha kushoto nilimaliza.

Honi ilipiga. Heri akashuka kumwambia dereva.

Jumamosi, 5 Aprili
Kilo: Bahizire 140. Euphrasie 58. Pacifique 84.

Tulimzika Jumatatu, ardhi ikiwa bado ngumu, mashine ilichimba. Kanisa lote lilikuja. Ernestine aliosha vyombo siku tatu na hakukubali nimsaidie.

Leo nilichukua daftari la Alfred nikaenda kliniki saa zake zile zile. Heri alinishauri nilibakize nyumbani, liwe ukumbusho. Nilifikiri njia nzima. Nikilifungia kabatini, hakuna atakayewaingiza ulingoni tena, mjomba atasimama kwenye ukurasa na magoti yake. Nimeshawachoma mara moja.

Kiti cha Alfred kimefunikwa shuka. Francis na Arvid walikuwa kwenye viti vyao. Hakuna aliyezomea. Nilikaa pale pangu.

"Hujalazimika, Mama," akasema Francis.

"Sheria ni sheria."

Akalipitia daftari, akasimamisha kidole. "Hapa pako wazi. Mama Kiberiti hana udhaifu. Asipokuwa nao hachaguliki, inabidi tumfute."

Akanipa kalamu. Nilitazama mstari ule mtupu ambao Alfred alisema baadaye, na baadaye. Sijui angeandika nini. Mimi niliandika: *Haulizi kwanza.*

Francis akasoma, akamtafsiria Arvid. Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. Dadu ikampa zamu ya kwanza, na mtu yule aliyejaza majitu matupu tangu Novemba akanyoosha kidole kwangu akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Alfred, "Mama Kiberiti." Ndiye mwanamke wake wa kwanza.

Nikawa nasoma, wao wanachagua. Francis akamchukua Bahizire. Arvid akamchukua Euphrasie, akayafunika macho yake kidogo. Mapacha wa posta kwa Francis. Kisha zamu ikarudi kwa Arvid na nikaona kidole chake kinashuka kwenye jina la Pasi.

"Naomba kuuliza," nikasema.

Wakaacha yote, wakanitazama. Hata Kemunto alisimama na kipimo cha presha mkononi.

"Huyu anaweza kwenda pamoja na mjomba wake? Kampuni moja. Hapendi kulala peke yake."

Francis akavua miwani kabla ya kutafsiri. Aliposema, Arvid aliondoa kidole chake. Alisema neno moja tu, nami nililielewa bila kutafsiriwa. Francis akachukua kalamu yangu, akamwandika Pacifique kwenye mstari mmoja na Bahizire, akabana herufi ili wote wawili waenee.